Saa kumi alfajiri mwaloni: kisa cha bibi aliyekuwa akienda kupokea mitumbwi

Kisa hiki tunawasomea wanafunzi wapya wa kujitolea kabla hawajaingia nyumbani kwa mgonjwa yeyote anayepoteza kumbukumbu. Jina la bibi, mtaa wake, tarehe na baadhi ya mambo ya familia tumeyaondoa au kuyabadilisha. Binti yake alisomewa maandishi yote akakubali yatumike, kwa sharti moja: makosa yetu tusiyafiche. Hatukuyaficha.

Usuli

Nitamwita Bibi M. Kwa hesabu ya binti yake alikuwa na miaka 74. Kadi yake ya kliniki ilisema 71. Aliishi Mwanza, katika moja ya mitaa ile ya mlimani ambako nyumba zimebanana na mawe, na ziwa unaliona chini ukiwa umesimama mlangoni. Kushuka hadi mwaloni, ufukweni ambako mitumbwi ya samaki hutua, ni dakika kama 15 kwa mtu mwenye magoti mazima. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala: kimoja cha binti yake, mama lishe anayetoka saa 11 alfajiri kuwahi wateja wa chai, na kingine cha Bibi na mjukuu wa kiume wa miaka 16 anayesoma sekondari.

Kwa zaidi ya miaka 30 Bibi alikuwa mchuuzi wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku, hasa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta karibu na mtumbwi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi hupumzika. Mitumbwi hurudi alfajiri, na mwanamke anayetaka mzigo mzuri lazima awe amesimama majini kabla ya wenzake. Bibi aliifanya kazi hiyo mpaka miguu ikakataa, miaka 5 kabla hatujamfahamu.

Binti alianza kuona mabadiliko miaka 3 nyuma. Bibi, aliyekuwa akipiga hesabu za sado 20 kichwani bila kalamu, alianza kurudisha chenji isiyo sahihi alipotumwa dukani. Aliuliza jambo moja mara nne ndani ya nusu saa. Aliunguza maharage mara mbili kwa juma moja. Kisha akaanza kumshutumu mjukuu kwamba anamwibia pesa. Pesa zikapatikana ndani ya ndoo ya unga, alikozificha mwenyewe. Majirani wakasema ni uzee.

Kundi letu lilikuwa na wanafunzi 6 wa uuguzi, utabibu na ustawi wa jamii. Walikwenda wawili wawili, mara mbili kwa wiki, kumpumzisha binti kwa saa chache na kukaa na Bibi. Mimi ni muuguzi na ndiye niliyekuwa mratibu wao.

Tulichowafundisha kabla ya kwenda

Semina ilikuwa ya saa mbili, na sehemu kubwa ilikuwa nzuri. Nilianza na uzito. Ukinunua sato wa kilo moja na robo hivi, umeshika mkononi karibu uzito wa ubongo wa mtu mzima. Ndani yake kuna seli za neva zipatazo bilioni 86, na pale seli moja inapokutana na nyingine pana upenyo mdogo uitwao sinapsi, ambamo ujumbe huvushwa kwa kemikali. Kiungo hiki ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Ndiyo maana mtu aliyekosa maji, chakula au hewa ya kutosha huchanganyikiwa kichwani mapema. Sentensi hiyo niliisema siku ile, nikaipita. Laiti ningekaa juu yake.

Kisha nikawaeleza kuhusu hipokampasi. Tunazo mbili, moja kila upande, zimejikunja ndani ya ubongo usawa wa masikio. Nilizifananisha na karani wa ofisi ya mtaa. Karani si kabati la mafaili. Kazi yake ni kuandika jambo jipya kwenye daftari na kulipeleka likahifadhiwe. Kabati lenyewe limesambaa kwenye gamba la ubongo. Katika ugonjwa wa Alzheimer, madhara huanza eneo la karani huyu na majirani zake: protini iitwayo tau hujisokota ndani ya seli, na nyingine, beta-amiloidi, hugandamana nje ya seli. Mabadiliko haya huanza miaka 10 hadi 20 kabla familia haijaona lolote. Karani anaugua, jipya haliandikwi, lakini mafaili ya zamani bado yapo kabatini kwa muda mrefu.

Hilo lilimweleza Bibi vizuri kabisa. Hakujua kama amekunywa chai. Lakini Mei 21, 1996, siku ilipozama MV Bukoba, aliisimulia kama ya jana: vilio vilivyosikika, jirani aliyekuwa akimsubiri mumewe, maziko ya Igoma.

Tuliwaambia pia kwamba huu si uzee. Mwanamke ambaye Dk. Alois Alzheimer alimchunguza Frankfurt mwaka 1901, Auguste Deter, alikuwa na miaka 51. Umri huongeza hatari, lakini wazee wengi hufa na akili zao timamu. Na tukawatofautishia maneno mawili yanayochanganywa kila siku: dimensia ni jina la hali yenyewe, kupungukiwa akili hadi maisha ya kila siku yanayumba, Alzheimer ni mojawapo ya magonjwa yanayoileta, na ndiyo kubwa kuliko yote, asilimia 60 hadi 70 ya visa.

Mwishoni tukawapa karatasi yenye hatua tatu za ugonjwa: ya mwanzo, ya kati, ya mwisho. Karatasi hiyo ilituponza, na nitaeleza jinsi.

Wiki za kwanza

Siku ya kwanza walikwenda mwanafunzi wa Tanga asiyejua Kisukuma na mwenzake aliyezaliwa Magu. Wa Tanga aliamkia, "Shikamoo Bibi." Bibi akaitika "Marahaba" vizuri tu. Lakini alipoulizwa ameamkaje na amekula nini, akabaki anamtazama kama mtu anayetafuta kitu kwenye kabati lenye giza. Wa Magu akachuchumaa mbele yake, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Bibi akaitikia papo hapo, akamuuliza ukoo wake, akamuuliza mvua ya kwao, akasogea kwenye mkeka kuwapa nafasi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alikipata ukubwani. Kisukuma alikinyonya ziwani mwa mama yake, na ndicho kilichokuwa kimebaki imara.

Tangu siku hiyo hatukumpangia zamu bila mtu mmoja anayejua Kisukuma. Huo ulikuwa uamuzi rahisi kuliko yote, na mpaka leo nadhani ndio uliozaa matunda ya haraka zaidi.

Jambo la pili halikwenda hivyo. Wanafunzi walikuwa wakimpima bila kujua wanampima. "Bibi, leo siku gani?" "Bibi, mimi naitwa nani?" Alikuwa akijitetea kwa heshima yake yote. "Siku za wazee hazina majina," alimjibu mmoja wao. Wakacheka kwa upendo, hawakuona kwamba ameona aibu. Wiki ya tatu Bibi akasimama mchana akisema anakwenda kupokea mzigo, mitumbwi inakaribia. Mwanafunzi, kwa nia njema kabisa, akamshika mkono: "Bibi, uliacha kuuza dagaa. Sasa ni miaka mitano."

Bibi akakaa chini akalia. Kwake hiyo ilikuwa habari mpya: ameambiwa leo kwamba kazi yake imekwisha. Baada ya muda mfupi maneno yenyewe yalishamtoka, lakini jioni binti akanipigia simu. "Mwalimu, tangu vijana waondoke hajala. Ukimuuliza kulikoni, hajui."

Hapo ndipo wanafunzi walipoelewa kitu ambacho mchoro wa ubongo haukuwa umewaelewesha. Hisia zina njia yake, na amigdala, sehemu inayoshughulika nazo, imekaa jirani na hipokampasi lakini si ileile. Utafiti kwa wagonjwa wa Alzheimer umeonyesha kwamba huzuni, na furaha vilevile, hubaki hata baada ya mgonjwa kusahau kilichoisababisha. Ulichomwambia atakisahau, ulivyomwacha akijisikia ataendelea kujisikia hivyo hadi usiku.

Siku tatu tulizopoteza

Wiki ya sita Bibi alibadilika. Jumatatu alikuwa akizungumza kama kawaida yake. Jumanne jioni hakumaliza sentensi. Jumatano alisinzia mchana kutwa, usiku akawa macho, akizungumza na watu aliowaona ukutani na kuvuta nguo yake kama mtu anayekung'uta siafu. Ijumaa wanafunzi waliandika kwenye daftari: "Ugonjwa umeingia hatua ya tatu. Familia iandaliwe."

Nililisoma daftari hilo Ijumaa jioni na sikushtuka. Nasema hivi kwa sababu ni muhimu: mimi muuguzi wa miaka mingi nililisoma, nikalifunga.

Aliyetuokoa ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama wa mtaani hapo. Alipita Jumamosi, akamshika Bibi ngozi ya mkono, ikasimama ilivyofinywa. Akamuuliza mjukuu Bibi amekunywa maji kiasi gani. Mjukuu akasema hataki kunywa, na mkojo wake umekuwa na harufu kali. Akauliza kama kuna dawa anayotumia. Mjukuu akatoa vidonge vya mafua kutoka dukani, vile vya mzio vinavyoleta usingizi. Bibi alikuwa na kikohozi, akapewa ili alale. Mhudumu hakungoja. Wakampeleka kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mkojo ulikuwa na maambukizi, na mwili umekauka. Akapewa dripu na antibayotiki, na vidonge vya mafua vikasitishwa. Ndani ya siku 10 hivi alirudi karibu na pale alipokuwa kabla.

Hali hii inaitwa deliriamu, kuchanganyikiwa kwa ghafla, na si Alzheimer ingawa humpata kwa urahisi zaidi mwenye Alzheimer. Ubongo uliopungukiwa hauna akiba. Maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, choo kigumu, kukosa maji, dawa mpya, chochote kati ya hivyo kinatosha kuuangusha. Vile vidonge vina kisa chake: vinazuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia katika kumbukumbu na umakini, na ambayo katika Alzheimer tayari imepungua. Ni kama kumnyang'anya mtu mwenye njaa hata kile kipande cha muhogo alichobakiwa nacho.

Tofauti ya kushika ni mwendo. Alzheimer huja kwa miezi na miaka. Kilichokuja kwa saa au siku kina sababu nyingine mpaka ithibitike vinginevyo, na ni dharura.

Mawe juu ya bati

Bibi alikuwa akitoka usiku. Mara mbili mwezi wa kwanza, kisha karibu kila wiki. Saa 10 alfajiri alifungua mlango, akajifunga kanga kiunoni, akashika ndoo, akateremka. Mara moja mlinzi wa mwaloni alimkuta amesimama majini hadi magotini, peke yake, mwezi umewaka na hakuna mtumbwi hata mmoja.

Binti alianza kumfungia kwa kufuli kutoka nje. Namuelewa, alikuwa hajalala usingizi kamili kwa miezi.

Wiki ya nane mtoto wa jirani aliugua homa, na juma hilohilo kuna aliyemwona Bibi akipita gizani na ndoo. Nadhani msomaji wa Kanda ya Ziwa anajua sentensi inayofuata. Kikongwe, anatembea usiku, anaongea peke yake, macho mekundu. Macho ya Bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kukaushia samaki, kama ya wanawake wengi wa kazi ile. Lakini huku kwetu, Mwanza, Shinyanga, Geita na Simiyu, wako bibi waliouawa kwa macho mekundu, wakidhaniwa wachawi. Usiku wa Jumanne mawe mawili yakaanguka juu ya bati lao. Mjukuu hakwenda shule siku iliyofuata, alikaa mlangoni na fimbo.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa usiri. Hatuna ruhusa ya kutangaza ugonjwa wa mtu. Lakini kukaa kimya kulikuwa na gharama iliyokuwa ikipigwa juu ya paa. Tulimuuliza binti, akakubali. Kisha, asubuhi moja ambayo Bibi alikuwa vizuri, mwanafunzi wa Magu alimuuliza kwa Kisukuma kama angependa majirani waelezwe kwamba anaumwa kichwa kinachosahau. Akasema, "Waambie. Wasije wakadhani nimewachukia kwa kutowasalimia." Tukakubaliana kusema hilo tu, bila vipimo wala dawa zake.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao uani kwake: wajumbe, wawili wa sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, majirani, baba wa mtoto aliyeugua. Mwanafunzi wetu hodari kuliko wote akaeleza. Alieleza vizuri, protini, seli, karani, kila kitu. Wakamsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, mzee mmoja akauliza, kwa upole, "Mwanangu, tumekuelewa. Sasa huo ugonjwa, nani kamtumia?"

Mwanafunzi akanyamaza. Mimi pia sikuwa na jibu la haraka. Elimu yetu ilijibu ugonjwa unafanyaje. Wao waliuliza kwa nini yeye, na kwa nini usiku.

Akazungumza mzee aliyekaa nyuma, aliyewahi kumiliki mitumbwi. Akauliza anatoka saa ngapi. Binti akasema saa 10. Ameshika nini? Ndoo. Amevaaje? Kanga kiunoni. Mzee akatikisa kichwa. "Huyo anakuja kwangu. Miaka yote alikuwa wa kwanza kufika, saa hiyohiyo, amejifunga hivyohivyo. Mnasema anakwenda kuroga. Mama huyu anakwenda kununua dagaa."

Uani pakawa kimya. Kisha mwanamke mmoja akasema ni kweli, hata yeye alimkuta mwaloni hivyo enzi za usichana wake. Watu wakaanza kumkumbuka. Hapo mwanafunzi akapata pa kuingilia: hiyo ndiyo sehemu ya ubongo ambayo haijaugua, akasema, inamwamsha kwenda kazini, iliyougua ni ile ya kumwambia kwamba kazi imekwisha. Baba wa mtoto hakusema kitu siku ile. Mtoto alishapimwa, ilikuwa malaria, na alikuwa anaendelea na dawa mseto. Mawe hayakurudi.

Uamuzi wa pili ulihusu kufuli. Nyumba ya bati, jiko la mkaa, bibi amefungiwa: moto ukitokea hatoki. Lakini kuacha mlango wazi ni kumkabidhi kwa ziwa. Mjukuu ndiye aliyependekeza kengele ya mbuzi. Tukaifunga juu ya mlango, na komeo tukalihamisha juu zaidi ya mahali alipozoea kulitafuta. Sungusungu wa zamu wakapewa namba ya binti, na wakaombwa wakimkuta wasimkamate wala kumkaripia. Wamwamkie, wamwambie mzigo umeshapokelewa, wamrudishe taratibu.

Uamuzi wa tatu ni ule ninaoupenda. Tuliacha kubishana na saa 10. Kengele ikilia, binti, ambaye hata hivyo huamka saa hiyo, humwekea chai na ungo wenye dagaa wakavu. Nilikwenda alfajiri moja kujionea. Taa ya sola ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari. Bibi alikaa ameegemea ukuta, ungo mapajani. Kidole gumba na cha shahada vilipita katikati ya dagaa vikitoa kokoto, kipande cha jani, kifuru kimoja kilichojichanganya. Mkono wa kushoto ulitikisa ungo kidogo, mchanga ukakusanyika ukingoni, akaupuliza. Hakutazama mikono. Aliuliza mara tatu mimi ni nani, na mara zote tatu mikono haikusimama.

Mwaka 1953 Mmarekani aitwaye Henry Molaison alipasuliwa ili kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Hadi alipofariki 2008 hakuweza kushika tukio jipya. Lakini Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora huku akitazama kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku, ingawa kila siku aliamini hajawahi kulifanya. Ujuzi wa mikono unategemea sehemu nyingine, zikiwemo serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, na ganglia, vifundo vya seli vilivyo chini ya gamba la ubongo, ambazo Alzheimer hazifikii mapema. Somo hilo wanafunzi walilijua kitabuni. Ungo ndio uliowafanya waliamini.

Vipimo na matokeo

Baada ya deliriamu kupona kabisa, si kabla, daktari alimpima kumbukumbu. Nilifurahi kuona kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika, maana Bibi alisoma miaka michache tu. Ni kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee wa Tanzania na Nigeria: maneno 10 ya kushika na kukumbuka baadaye, kutaja wanyama, kupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano. Wanyama aliwataja, wengi wa majini. Vijiti alivishika muda mrefu, akavilaza sambamba kama kuni, akamrudishia daktari. "Kiberiti chako hakina moto." Maneno 10 hakukumbuka hata moja, wala hakukumbuka kwamba aliambiwa maneno.

Akapimwa pia sukari, VVU, kaswende na tezi ya shingo, kwa kuwa hayo huweza kuleta hali kama hii na baadhi yanatibika. Hakuna hata kimoja kilichokuwa sababu. Shinikizo la damu lilikuwa juu. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta. Yaliposafishwa, majibu yake nyumbani yakawa bora kidogo, na tukaona haya kwamba wiki zote hizo tulihesabu ukiziwi kuwa usahaulifu. Hitimisho la daktari lilikuwa kwamba yaelekea ni Alzheimer, kwa kufuata historia na mwendo wake.

Wanafunzi walinionyesha kwenye simu habari za lecanemab, dawa iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023. Inapunguza amiloidi na kuchelewesha kushuka kwa walio katika hatua za mwanzo, kwa dripu na picha za ubongo za mara kwa mara. Haimhusu Bibi. Zipo za zamani zaidi kama donepezili, zinazoongeza asetilikolini na kuwapa baadhi ya wagonjwa nafuu ya muda. Daktari alieleza, familia ikapiga hesabu, ikachagua kuanza na dawa ya presha. Sikuwashawishi vinginevyo.

Miezi 8 baadaye Bibi alikuwa amesahau majina ya wanafunzi wote, na jina la mjukuu lilikuja na kwenda. Alitoka usiku mara moja tu, akarudishwa na sungusungu akiwa anawasimulia bei za zamani. Hakuanguka, hakulazwa tena.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni kuuliza ni nini bado kinafanya kazi. Kisukuma, mikono, saa ya alfajiri, hisia, heshima ya salamu. Wanafunzi walikuja na orodha ya vilivyopotea kwa sababu ndivyo tulivyowafundisha. Ramani ya ubongo mgonjwa ni pia ramani ya ubongo mzima, ukiisoma upande wa pili. Sasa semina huanzia upande huo.

Kikao cha mtaa kilifaulu kwa bahati. Kama yule mzee asingehudhuria, maelezo yetu ya protini yasingemlinda Bibi usiku ule. Siku hizi kabla ya kikao cha aina hiyo tunatafuta kwanza mtu aliyemjua mgonjwa akiwa na nguvu zake, tunamuuliza alikuwa akifanya kazi gani, saa ngapi, kwa njia ipi. Mara nyingi tabia inayotisha watu usiku ina historia ya mchana.

Kosa la daftari silitupii wanafunzi. Walifuata karatasi tuliyowapa, na karatasi ilikuwa na hatua tatu bila mahali pa kuandika "ghafla". Ukimpa kijana ngazi yenye vidato vitatu, kila badiliko ataliona ni kidato. Tumeifuta. Daftari jipya lina swali la kwanza: je, yuko tofauti na jana au juzi? Likijibiwa ndiyo, hakuna kuendelea kuandika. Anapigiwa simu mratibu na mhudumu wa afya, na mgonjwa anapelekwa. Lina pia mstari wa maji, choo, mkojo, na dawa yoyote mpya, hata ya dukani, hata ya mitishamba.

Kosa zito zaidi, kwa maoni yangu, halimhusu Bibi. Kwa miezi 4 tulijaza kurasa kuhusu mama, na hatukuandika hata mstari mmoja kuhusu binti. Alikuwa akiamka saa 10, akipika chai ya watu hadi mchana, akirudi kufua mashuka ya usiku. Siku moja aliniuliza, akitazama pembeni, "Mwalimu, na mimi nitakuwa hivi?" Nilimjibu ukweli: kwa walio wengi ugonjwa huu haurithiwi moja kwa moja, kuwa na mzazi mgonjwa huongeza hatari kiasi, na yapo yanayoweza kupunguzwa, presha ikiwamo. Tukampima palepale. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya mama yake, na hakuna hata mmoja wetu, watu wa afya tuliopita mlangoni pake mara mbili kwa wiki, aliyewahi kufunga kile kitambaa kwenye mkono wake.

Siku hizi daftari lina ukurasa wake. Anaujaza mwenyewe. Presha, dawa, na amelala saa ngapi. Wiki ya kwanza aliandika 3 siku zote saba. Wanafunzi wakaongeza zamu ya Jumamosi usiku, wawili sebuleni chini ya ile kengele, na Jumapili ile aliandika 8.